Martin Luther King na Vyuo Vilivyomlea: Kumuenzi Maana Yake Nini?

Kila Januari ikifika katikati, wazazi wenye watoto wanaosoma Marekani hupata ujumbe wa namna moja: "Jumatatu hatuna vipindi, ni siku ya King." Haupiti muda picha zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wanafunzi wamevaa fulana za rangi moja wanapaka rangi kuta za shule ya msingi, wengine wanafungasha vyakula vya kugawa, wengine wamejaa ukumbini wanamsikiliza mzee anayehutubia. Na maswali nayo yanafuata. King huyu aliwahi kuwa rais? Ndiye yule Martin Luther wa Walutheri? Kama ni mapumziko, mbona vijana wanafanya kazi? Na kama ni siku ya kuzaliwa, mbona tarehe inahamahama kila mwaka?

Ni maswali ya msingi, na majibu yanayotolewa huwa nusu nusu. Tuyachukue taratibu, kwa sababu nyuma yake kuna swali zito zaidi: chuo kikuu kinapotangaza kwamba kinamuenzi mtu, kinafanya nini hasa?

Tuanze na jina. Kwa Mtanzania, ambaye nchi yake ina Walutheri mamilioni, Martin Luther ni mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16. Huyo ni mwingine. King alikuwa Mmarekani mweusi, mchungaji wa Kibaptisti, aliyezaliwa Atlanta katika jimbo la Georgia tarehe 15 Januari 1929. Hata hivyo majina hayo hayakufanana kwa bahati tu. Baba yake, ambaye naye alikuwa mchungaji, aliitwa Michael King, na mtoto akapewa jina hilohilo. Mwaka 1934 baba alikwenda Ujerumani kwenye mkutano wa Wabaptisti wa dunia. Baada ya safari hiyo akaanza kujiita Martin Luther King, na mwanawe akawa Martin Luther King Mdogo.

Hakuwahi kuwa rais, mbunge wala diwani. Na ule "Udaktari" wake si wa hospitali. Ni shahada ya uzamivu katika teolojia, aliyoipata Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955.

Halafu kuna neno linalotajwa sana kuliko linavyoelezwa: haki za kiraia. Hizi ni zile haki anazostahili mtu kwa kuwa ni raia. Kupiga kura, kumpeleka mtoto shule ya umma iliyo karibu, kukalia kiti cha basi alicholipia nauli, kusikilizwa mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Wengi wetu husema King "aliwakomboa weusi utumwani". Utumwa Marekani ulifutwa mwaka 1865, zaidi ya miaka 60 kabla hajazaliwa. Katiba ikaongezwa vifungu: mwaka 1868 waliokuwa watumwa wakatambuliwa kuwa raia, na mwaka 1870 ikapigwa marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Sasa alipigania nini?

Fikiria mtu aliyenunua kiwanja, ana hati halali yenye muhuri wa serikali. Kila akienda anamkuta mlinzi getini. Leo anaambiwa alipe ada kwanza. Kesho anaambiwa afanye mtihani wa kusoma, na mtihani wenyewe umetungwa ili aanguke. Keshokutwa anaulizwa kama babu yake aliwahi kumiliki kiwanja hapo. Hati haijafutwa, na akienda ofisini anaambiwa jina lake lipo kitabuni. Ila kiwanjani haingii. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Kodi ya kura ilikuwepo, mtihani wa kusoma ulikuwepo, hata kifungu cha babu kilikuwepo. Juu ya hayo kukawa na sheria za utengano: shule mbalimbali, mabehewa mbalimbali, mabomba ya maji ya kunywa mbalimbali. Harakati za haki za kiraia zilikuwa kazi ya kumwondoa yule mlinzi.

King hakuianza kazi hiyo, wala hakuifanya peke yake. Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Weusi wa mji ule wakaacha kupanda mabasi kwa siku 381, na mchungaji kijana wa miaka 26 akachaguliwa kuongoza mgomo. Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne wa chuo cha weusi huko Greensboro, North Carolina, walikaa kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa wazungu wakaomba kuhudumiwa. Katika wiki chache mtindo huo ukaenea miji mingi ya kusini. Nalisisitiza hili kwa sababu picha za kumbukumbu humwonyesha King peke yake mbele ya kipaza sauti, na wanafunzi wanaoziangalia wanaweza kusahau kwamba injini ya harakati ile ilikuwa watu wa umri wao. Sheria ya Haki za Kiraia ikasainiwa Julai 1964, na ile ya Haki ya Kupiga Kura Agosti 1965.

Alivyolelewa vyuoni

King aliingia Morehouse mwaka 1944 akiwa na miaka 15. Morehouse ni chuo cha wanaume weusi kilichopo Atlanta. Baba yake alisoma hapo, na babu yake mzaa mama pia. Kabla ya muhula kuanza, alikwenda na wanafunzi wenzake kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku Connecticut, kaskazini, ili wapate karo. Aliwaandikia wazazi wake kwa mshangao kwamba huko mtu mweusi anaweza kuingia mgahawa wowote akala. Wakati wa kurudi, treni ilipofika Washington, ilimbidi ahamie behewa la weusi ndipo aendelee na safari ya kwao. Hakuisahau safari ile.

Mkuu wa Morehouse wakati huo alikuwa Benjamin Mays, msomi na mchungaji aliyewahi kwenda India na kuzungumza na Gandhi. Kila wiki aliwahutubia wanafunzi katika kanisa la chuo, na King alimsikiliza kwa miaka minne. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, King aliandika makala katika gazeti la wanafunzi kuhusu makusudi ya elimu. Alisema elimu inayoishia kwenye ustadi wa akili inaweza kuwa hatari kubwa kwa jamii, na kwamba mhalifu wa kuogopwa kuliko wote huenda akawa mtu mwenye akili kali asiye na maadili. Akatoa mfano wa Eugene Talmadge, aliyekuwa gavana wa Georgia: mtu mwenye kichwa chepesi, aliyevaa nishani ya jumuiya ya wanafunzi bora wa nchi, na bado akiamini kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni. King alihitimu mwaka uliofuata. Kwangu mimi, ukurasa ule wa kijana wa miaka 18 unafaa kusomwa kwenye kila hafla ya chuo inayomtaja, kwa sababu unauliza chuo chenyewe kinamtengeneza mtu wa namna gani.

Kutoka hapo alikwenda seminari ya Crozer huko Pennsylvania, kisha Boston. Walimu wake wa Boston walishika falsafa inayosema kwamba nafsi ya kila mtu ina thamani isiyopimika, na kwamba lolote linalomgeuza mtu kuwa kitu ni dhambi. Mahubiri yote ya King yana mizizi humo. Boston ndipo pia alipokutana na Coretta Scott, aliyekuwa anasomea muziki na uimbaji.

Aliuawa kwa risasi Memphis tarehe 4 Aprili 1968, akiwa na miaka 39. Siku tano baadaye, baada ya ibada ya kanisani kwao, jeneza lake liliwekwa juu ya mkokoteni wa shamba uliokokotwa na nyumbu wawili, na umati ukalisindikiza kwa miguu hadi Morehouse. Hapo uwanjani mwa chuo, Mays, mwalimu wake aliyekuwa na zaidi ya miaka 70, ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga.

Sikukuu iliyogombaniwa miaka 15

Siku nne baada ya mauaji, mbunge John Conyers wa Michigan aliwasilisha mswada wa kuifanya siku ya kuzaliwa ya King kuwa sikukuu ya taifa. Ulikwama. Mwaka 1979 ulifika kwenye kura ya Baraza la Wawakilishi ukaanguka kwa kukosa kura tano. Kampeni ikaendelea, saini mamilioni zikakusanywa, na mwaka 1983 Baraza likapitisha kwa kura 338 dhidi ya 90, Seneti kwa 78 dhidi ya 22. Rais Ronald Reagan akatia saini Novemba mwaka huo. Sherehe ya kwanza ikafanyika tarehe 20 Januari 1986.

Sheria inasema siku hiyo ni Jumatatu ya tatu ya Januari. Ndiyo maana tarehe huhama kati ya 15 na 21, na ndiyo maana miaka mingi haiangukii siku yenyewe aliyozaliwa.

Ila kupitishwa Washington hakukumaanisha kwamba majimbo yote yalikubali. Arizona ilifanya kura ya wananchi mwaka 1990 na sikukuu ikakataliwa. Wenye ligi ya mpira wa Kimarekani wakahamisha fainali yao ya 1993 kutoka jimbo hilo kwenda California. Mwaka 1992 Arizona ikapiga kura tena na kukubali. New Hampshire iliweka jina la King kwenye sikukuu yake mwaka 1999. Na mpaka leo Alabama na Mississippi, Jumatatu hiyohiyo, humkumbuka pia Robert E. Lee, jenerali aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyopigana kulinda utumwa. Mtu anayedhani siku hii ni jambo lililokwisha kukubaliwa na kila mtu aangalie kalenda za majimbo hayo mawili.

Na kwa nini vijana wanafanya kazi siku ya mapumziko? Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria nyingine, iliyopelekwa na mbunge John Lewis, ambaye alipigwa akapasuliwa kichwa kwenye maandamano ya kudai haki ya kupiga kura huko Selma, Alabama, mwaka 1965, na seneta Harris Wofford. Sheria hiyo iliifanya siku ya King kuwa siku ya kujitolea. Tangu hapo vyuo vingi huwapeleka wanafunzi mtaani: kupaka rangi shule, kufungasha chakula, kusafisha bustani za umma, kuwasomea watoto.

Kazi hizo ni njema na sizidharau. Lakini lazima niseme kwamba hapo ndipo mkanganyiko mkubwa unapozaliwa, maana kijana anaweza kupaka ukuta rangi asubuhi nzima na akarudi bwenini akiamini kwamba King alikuwa mtu mpole aliyependwa na wote, aliyetaka watu wasaidiane.

Mtu asiyependwa

Mwaka 1966 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani maoni yao juu ya King. Asilimia 63 walisema hawamwoni vizuri. Miaka 45 baadaye, mwaka 2011, asilimia 94 walisema wanamwona vizuri. King wa 2011 hakuwa ameongeza neno wala kupunguza, alikuwa kaburini. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya watu, na kumbukumbu hiyo imechagua.

Inachagua, kwa mfano, sehemu ya mwisho ya hotuba aliyoitoa Washington tarehe 28 Agosti 1963, ile ya "Nina ndoto". Maandamano yale yaliitwa maandamano ya kudai ajira na uhuru, na King alianza kwa habari za fedha. Alisema Marekani iliwaandikia raia wake weusi hundi, hundi ikarudishwa benki kwa kuwa akaunti haina fedha za kutosha, nao wamekuja kudai malipo. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside mjini New York, alilaani vita vya Vietnam, na magazeti makubwa yakamgeukia. Miezi yake ya mwisho alikuwa anaandaa kampeni ya maskini wa rangi zote kwenda kupiga kambi Washington. Na Memphis, mahali alipouawa, alikwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa wamegoma kudai ujira na heshima.

Uchaguzi huo wa kumbukumbu una uzito hasa vyuoni, kwa sababu huko hoja zake zinatumika hadi leo. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kudahili wanafunzi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wapinzani wa utaratibu huo walikuwa wakinukuu mstari mmoja wa King, ule wa watoto wake kupimwa kwa tabia zao badala ya rangi ya ngozi. Mstari ni wake kweli. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1964 alidai mpango maalumu wa serikali wa kuwafidia weusi kwa karne za kunyimwa, akiufananisha na ule waliopewa askari waliorudi vitani, na akataka wazungu maskini nao waingizwe. Mtu ana uhuru wa kukataa hoja hiyo. Hana uhuru wa kumfanya King kuwa hakuisema.

Karatasi

Hapa sasa ndipo chuo kikuu kinapotofautiana na serikali ya mtaa, benki au timu ya mpira inayotoa tangazo la kumkumbuka King. Chuo kina maktaba. Kina nyaraka zake, na kina watu ambao kazi yao ni kuzisoma zote.

Mwaka 1964 King alikikabidhi Chuo Kikuu cha Boston makumi ya maelfu ya nyaraka zake: barua, rasimu za mahubiri, ratiba. Baada ya kifo chake mjane wake alizitaka zirudi Atlanta, akaeleza kwamba mumewe aliziweka Boston kwa usalama tu, maana kusini zingeweza kuchomwa. Mwaka 1987 alifungua kesi. Mwaka 1993 wazee wa baraza waliamua upande wa chuo, wakitegemea barua ya King mwenyewe ya 1964, na mwaka 1995 mahakama ya juu ya Massachusetts ikaithibitisha hukumu hiyo. Nyaraka nyingine, kiasi cha vipande 10,000, zilikuwa karibu kupigwa mnada New York mwaka 2006. Viongozi wa Atlanta, wakiongozwa na meya Shirley Franklin, walichangishana wakazinunua kwa takriban dola milioni 32, na sasa ziko chini ya Morehouse.

Mwaka 1985 Coretta King alimwomba mwanahistoria Clayborne Carson wa Chuo Kikuu cha Stanford aongoze kazi ya kuzihariri na kuzichapisha nyaraka za mumewe. Wahariri hao, kwa kupitia kila ukurasa, waligundua kwamba tasnifu ya King ya Boston ina sehemu alizozinakili kutoka kwa waandishi wengine bila kuwataja ipasavyo. Habari ikatoka hadharani mwaka 1990. Boston ikaunda kamati ya wasomi. Mwaka 1991 kamati ilisema wazi kwamba kosa hilo lilitendeka, ikapendekeza shahada isifutwe, na barua ya kueleza matokeo ya uchunguzi iambatishwe kwenye nakala ya tasnifu iliyoko maktaba.

Wapo waliosema Stanford na Boston walimvunjia heshima. Naona kinyume chake. Mradi ulioanzishwa na mjane ili kumheshimu mumewe ulikuta aibu, na wasomi hawakuifukia. Chuo kilichomtukuza hakikujifanya hakioni, wala hakikumtupa. Kosa la mwanafunzi wa miaka ya 1950 halimpunguzii uzito mtu aliyekwenda jela Birmingham, Alabama, kwa kupinga utengano, na kwenda jela kwake hakuhalalishi kunakili. Mambo yote mawili yako kwenye rafu moja, na msomaji anayakuta pamoja. Wanafunzi wanaofundishwa kila siku kwamba kunakili ni wizi wana haki ya kuambiwa hivyo hata kwa mtu ambaye sanamu yake iko uani.

Katika nyaraka hizohizo sisi pia tumo. Aprili 1959 Tom Mboya wa Kenya, akiwa na miaka 28, alihutubia maandamano ya vijana mjini Washington ya kudai shule zisizo na ubaguzi. Mwezi uliofuata King na wenzake walimfanyia karamu ya uhuru wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Atlanta. King alisema hapo kwamba ukoloni na utengano havina tofauti ya msingi, kwa hiyo mapambano yao ni mamoja. Mboya alikuwa anatafuta nafasi za masomo na fedha kwa vijana wa Kenya, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikawasili New York na wanafunzi 81. Wangari Maathai alikwenda katika msafara wa mwaka uliofuata. King mwenyewe alikubali kusaidia kupatikana kwa fedha za mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekuwa anakwenda Tuskegee, Alabama, na barua aliyomwandikia Mboya Julai 1959 kuhusu jambo hilo imechapishwa pamoja na nyingine. Taasisi ya King ya Stanford imeweka sehemu kubwa ya nyaraka hizi kwenye tovuti yake bila malipo, pamoja na makala ya mwaka 1947 ya yule kijana wa Morehouse. Inasomeka kwa dakika tano.